Kazi za Kiangazi Jijini Mwanza: Kutengeneza Nyumba na Kujitolea Kabla ya Vuli

Mvua za masika zinapokatika, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, jiji la Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria huingia katika miezi ya ukavu inayoendelea hadi vuli ianze, mara nyingi mwezi Oktoba. Kwa watu wengi hiki ndicho kipindi chenye nafasi kuliko vyote mwakani. Mkulima wa Misungwi au Magu amekwisha kuvuna mpunga na anamalizia pamba. Wanafunzi wako likizo ya Juni. Mvuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa kila mwezi wakati wa mbalamwezi, kwa sababu taa zake hazina nguvu ya kuvuta dagaa usiku ambao ziwa zima lina mwanga. Na mstaafu, ambaye nafasi anayo mwaka mzima, angalau hukosa kisingizio cha mvua. Nafasi hiyo inaweza kumalizikia kwenye bao na soga chini ya mwembe, na hakuna ubaya wowote katika bao, lakini nyumba nyingi zilizopo kwenye vilima vya Mwanza hazina muda mwingine wa kutengenezwa isipokuwa huu.

Jambo linalowaponza wenye nyumba wengi ni mpangilio wa kazi kuliko uvivu. Mtu hupaka rangi mwezi Juni kwa kuwa rangi inaonekana na wageni, kisha vuli ikifika anagundua kwamba paa linavuja na maji yanashuka juu ya rangi mpya. Utaratibu ulio salama ni kuanza juu na kushuka chini: paa kwanza, kuta baadaye, rangi baada ya lipu kukauka kabisa, na mitaro mwisho kabisa. Kazi za kujitolea nazo zina mpangilio wake, kwa kuwa zipo zinazofaa Juni na zipo ambazo zikifanywa Juni ni nguvu ya bure.

Ukaguzi wa wiki za mwanzo

Kagua nyumba mapema, ikiwezekana katika wiki za mwanzo za Juni, kwa sababu alama za masika bado zipo. Doa la maji kwenye silingi bodi bado lina ukingo wa kahawia unaoonyesha maji yalipoingilia. Michirizi ya tope kwenye ukuta wa nje bado inaonyesha maji ya mvua yaliruka hadi kimo gani. Na njia za mchwa, zile mfano wa mshipa wa udongo unaopanda ukutani, bado ni mbichi. Ukisubiri hadi Agosti, vumbi litakuwa limefunika yote hayo na utakuwa unakisia. Chukua daftari, zunguka nyumba kwa nje, kisha ingia kila chumba, ukiandika unachokiona kabla ya kufikiria gharama. Mwombe pia mama au bibi wa nyumba akuonyeshe mahali anapoweka ndoo mvua ikinyesha. Yeye anajua kuliko fundi.

Paa

Nyumba nyingi za Mwanza zimeezekwa kwa bati, na bati huharibika kwanza kwenye misumari. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua na kupasuka, msumari hulegea kwa sababu bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na maji huanza kuingia kwenye tundu dogo ambalo huwezi kuliona ukiwa chini. Njia rahisi ya kulipata ni watu wawili kufanya kazi pamoja: mmoja anaingia darini asubuhi jua likishapanda na kutazama nukta za mwanga, na mwingine yuko juu na kipande cha chaki kuweka alama anapoelekezwa kwa kugongewa bati kutoka chini. Tundu lililo kwenye maungio ya bati, ambalo halipitishi mwanga, litafutwe kwa kumwagia maji taratibu kwa ndoo, ukianzia chini ya paa na kupanda juu, kwa kuwa ukianzia juu maji yatashuka na kukuchanganya.

Msumari uliolegea usipigiliwe tena mahali pale pale, maana papi (mbao ambayo bati hupigiliwa) iliyo chini yake imekwisha kutanuka tundu. Ung'oe, ziba tundu kwa silikoni au kiraka cha bati chenye lami, kisha weka msumari mpya, au skrubu ya bati yenye mpira, pembeni kidogo. Kwa bati la migongo ya kawaida, msumari hukaa juu ya mgongo wala si bondeni, kwa sababu bonde ndiyo njia ya maji. Inashangaza ni mapaa mangapi mapya yamepigiliwa bondeni kwa sababu tu fundi aliona ni rahisi zaidi. Kutu iliyoshika juu juu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, vumbi lifutwe, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyo hiyo. Bati lililokwisha kutoboka kwa kutu libadilishwe, maana rangi haizibi tundu.

Ukiwa darini, toboa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi kwa ncha ya bisibisi kila baada ya hatua chache. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyoliwa na mchwa huipokea ncha bila ubishi. Mchwa wakiwa wamefika kwenye kenchi, kupulizia dawa juu hakutoshi, kwa kuwa njia yao imeanzia ardhini, na ni lazima ifuatwe hadi kwenye msingi na kutiwa dawa huko.

Panda juu asubuhi na uwe umeshuka kabla ya saa nne, kwani baada ya hapo bati huunguza viganja na upepo wa kutoka ziwani huanza kuongezeka. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, ambako papi zipo chini, na ngazi ishikiliwe na mtu asiye na simu mkononi. Nyumba za zamani, hasa za taasisi, huenda zikawa na mapaa ya asbesto yanayofanana na saruji ya kijivu yenye mawimbi. Hayo yasikatwe, yasitobolewe wala kusuguliwa na mtu wa kujifunza, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu, waachie wataalamu.

Kabla ya kuondoa ngazi, shughulikia gata za maji ya mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, likipimwa kwa kivuli chake ardhini pamoja na kingo, lina mita za mraba 80; mvua moja ya vuli ya milimita 20 hutoa lita 1,600. Toa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kuruka na kumwagika, na bado tangi la lita 1,000 litakuwa limejaa. Gata liwe na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili kuelekea kwenye bomba la kushukia, kwa kuwa gata lililo sawasawa hutuama maji na kuwa kitalu cha mbu. Kwa kaya iliyoko juu kilimani, ambako maji ya bomba hupanda kwa msukumo mdogo, huu ndio ukarabati unaolipa haraka kuliko wote, na ningeufanya hata kama pesa ya rangi ingekosekana.

Kuta, lipu na rangi

Nyufa zisizibwe kabla ya kuzifahamu. Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye lipu tu, ni wa kawaida na huondoka kwa msasa na kupakwa rangi. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, au unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kuwa mpana kadiri unavyopanda, ni habari ya msingi. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe pembeni, kisha utazame baada ya mwezi. Ufa usipovuka mstari, upanue kwa tindo, ufagie vumbi, ulowanishe na uuzibe kwa saruji na mchanga. Ukivuka mstari hata katika ukavu, mwite fundi mwenye uzoefu au mhandisi kabla ya kununua mfuko wowote wa saruji.

Lipu ya nje huchanganywa kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga mitano, mchanga ukiwa umechekechwa na hauna udongo. Ukavu ambao tumeusifu hadi hapa ni adui kwenye kazi hii, kwa sababu jua na upepo huinyang'anya lipu maji kabla saruji haijashika, na ndiyo maana lipu ya kiangazi hupasuka na kumeguka ikigongwa. Lowanisha ukuta kabla ya kuanza, fanya kazi upande wenye kivuli, changanya kiasi unachoweza kukimaliza ndani ya saa moja, na umwagilie lipu mpya asubuhi na jioni kwa siku 7 kamili. Siku hizo saba ndizo mafundi huziruka mara nyingi zaidi, kwa kuwa wamekwisha kulipwa na kwenda kwingine, hivyo jukumu hilo lichukuliwe na wenye nyumba wenyewe. Rangi ya mafuta isubiri takribani wiki nne baada ya lipu kumwagiliwa. Mtu anayetaka kupaka rangi katikati ya Agosti, kwa hiyo, anapaswa kuwa amemaliza lipu mwanzoni mwa Julai.

Sehemu ya chini ya ukuta inayobabuka kila mwaka haitapona kwa rangi. Inalowanishwa na matone yanayoruka kutoka ardhini na unyevu unaopanda kwenye msingi, na dawa yake ni kujenga sakafu ya zege kuzunguka nyumba, yenye upana wa sentimita 60 hivi na mteremko unaopeleka maji mbali na ukuta. Rangi ya zamani inayobanduka isuguliwe kwa msasa na maji badala ya kusuguliwa kavu, na watoto wasiwe karibu, kwa sababu rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi. Nyavu za madirisha zibadilishwe kipindi hiki hiki; anayeishi Kirumba, Capri Point au Nyegezi anafahamu jinsi wadudu wadogo wa ziwani wanavyoifuata taa kwa maelfu na kuacha ukuta mpya umejaa madoa.

Mawe na miteremko

Anayeishi Mabatini, Igogo, Isamilo au mahali popote penye mawe makubwa ana kazi moja ya ziada. Kuta za kuzuia udongo zina matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na tope, maji ya mvua hujikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma. Yazibue kwa nondo nyembamba, kisha simama pembeni na kutazama ukuta kwa urefu wake kuona kama umetunisha tumbo. Ukuta uliotuna hauna ukarabati wa nyumbani. Jabali nalo limeegemea mawe madogo na udongo ulio chini yake, kwa hiyo kuchimba mchanga au kupasua kokoto chini ya jabali ni kumuuzia jirani wa chini hatari asiyoijua. Ukiona udongo umemong'onyoka chini ya jiwe, mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema, wakati bado kuna miezi ya kulishughulikia.

Kuhusu umeme, shughuli ya mwenye nyumba ni kutazama tu: soketi zilizoungua, nyaya zilizoliwa na panya darini, na waya wa ethi uliokatika pale unapoingia ardhini. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na radi hizo huongezeka mvua zinaporudi, hivyo kazi ya kurekebisha apewe fundi mwenye leseni, wala si kijana wa mtaani aliyejifunza kwa kupigwa shoti.

Mikono inapobaki

Mtu aliyemaliza paa lake mwezi Juni ana ngazi, ana nyundo, ana nusu kilo ya misumari iliyobaki, na ana ujuzi ambao hakuwa nao Mei. Hapo ndipo kujitolea kunapoanzia vizuri, kwa sababu unatoa kitu unachokijua. Watu watano au sita wa mtaa mmoja, akiwemo angalau mmoja anayejua useremala na mmoja anayejua saruji, wanatosha. Kundi la watu thelathini hupiga picha nyingi na hufanya kazi kidogo.

Nyumba ya mjane au mzee anayeishi peke yake ndiyo mahali pa kwanza. Usifike na ngazi begani. Nenda siku moja kabla, ubishe hodi, usalimie kwa utaratibu, ukae kwenye kigoda unachopewa, na umwachie bibi aseme mwenyewe kinachomsumbua. Mara nyingi utakuta kwamba paa mnalolionea huruma ninyi yeye amekwisha kulizoea, na kinachomnyima usingizi ni mlango usiofungika au ngazi ya choo iliyovunjika. Anzeni na hicho. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba ajulishwe, na ikiwa kuna watoto wake walio mbali, wapigiwe simu, ili msaada wenu usije ukageuka kuwa ugomvi wa kifamilia.

Shule ni kazi ya likizo ya Juni, kwa kuwa madarasa ni matupu. Mwoneni mwalimu mkuu kabla shule hazijafungwa, mkubaliane kuhusu idadi ya madawati yatakayotengenezwa, nani atafungua stoo, na nani atapokea kazi ikikamilika. Dawati la mbao huvunjika zaidi kwenye kiungo cha kiti na mguu. Kupigilia misumari zaidi hupasua mbao, ilhali boliti moja yenye washa hukaa miaka. Madawati ya fremu ya chuma yanahitaji fundi wa kuchomelea, na huyo huenda akajitolea ufundi wake lakini umeme na vijiti vya kuchomelea vigharamiwe. Fedha yoyote iliyochangwa iandikwe kwenye daftari linaloweza kusomwa na mtu yeyote, pamoja na stakabadhi za duka. Vikundi vingi vya kujitolea vimevunjwa na shilingi elfu kumi ambazo hakuna aliyeiba.

Kuchangia damu hakuhitaji chombo chochote, na katika miezi hii damu huhitajika sana. Sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari nchini ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa hiyo shule zinapofungwa akiba hupungua, huku Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ikiendelea kupokea kina mama wanaojifungua, majeruhi wa ajali na watoto waliopungukiwa damu kwa malaria kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mwanamume anayechangia Juni, basi, anaweza kurudi Septemba, na mwanamke Oktoba. Kula na unywe maji ya kutosha kabla ya kwenda, na usipande ngazi siku hiyo.

Usafi wa ufukweni hufanyika vizuri zaidi kupitia vikundi vya BMU (Beach Management Unit) vinavyosimamia mialo, maana wao wanajua ni upande gani nyavu zimeanikwa na mitumbwi inaingilia wapi. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, iliyotengwa kitaifa kwa usafi wa mazingira, ni siku nzuri ya kuanzia. Tahadhari moja haiwezi kupuuzwa: maji ya kando ya ziwa yenye majani na konokono yana kichocho, na vimelea vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, hasa kuelekea adhuhuri. Vaa gambuti na glavu, fanya kazi asubuhi mapema, na aliyelowana ajifute haraka. Anayeingia majini mara kwa mara akapime kituo cha afya, kwa kuwa dawa yake ipo na inatibu. Magugumaji yanayotolewa yapelekwe mbali na ufuko, vinginevyo wimbi litayarudisha.

Kupanda miti ni kazi ya kujitolea ambayo ningeshauri iahirishwe. Mche uliopandwa Julai kando ya barabara, bila mtu wa kuumwagilia, hufa kabla ya Agosti. Tumieni kiangazi kuotesha kitalu na kuchimba mashimo, kisha mpande vuli itakapokuwa imekolea.

Septemba

Mitaro haizibuliwi Juni. Ukiizibua mapema, hadi Septemba itakuwa imejaa tena mifuko, mchanga na maganda, na mtaa mzima utakuwa umechoka. Kubalianeni na balozi na mwenyekiti wa mtaa tarehe moja katika nusu ya pili ya Septemba, kila kaya itoe mtu na koleo, na muanze kuzibua kutoka chini kuelekea juu, ili maji yatakayoanza kushuka yakute njia imekwisha kufunguka. Tope linalotolewa lipakiwe kwenye toroli na kuondolewa siku hiyo hiyo. Likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Mitaro inayoshuka hadi Mto Mirongo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kila kinachoachwa huko huziba kalavati la chini au huishia ziwani. Shimo la choo lililojaa nalo linyonywe kabla ya mwezi huo kwisha, wakati gari bado linapanda kilimani bila kuteleza, na lisifunguliwe kamwe kuelekea mtaroni.

Wakati huo huo toa maji yaliyobaki kwenye tangi, lisugue ndani, lioshe kwa klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti, na uhakikishe mfuniko unafunga vizuri. Mvua ya kwanza ya vuli iachwe imwagike nje yote, kwa kuwa inasomba vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi minne. Unganisha bomba la gata na tangi baada ya hapo. Mvua hiyo hiyo ikikatika, pitia kwa yule bibi mliyemrekebishia nyumba umuulize kama ndoo zake zimekaa zikiwa kavu, na uende na chaki na misumari michache.